Kupanda huangqi: kazi ya miaka minne, kuanzia mbegu hadi mzizi

Ukikata mshazari mzizi wa huangqi uliokauka na kuutazama kwenye mwanga, utaona nje ni weupe wa krimu, ndani ni manjano, na mistari myembamba inatoka katikati kwenda ukingoni kama petali za ua. Wachina huita alama hiyo moyo wa krisanthemi. Kitafune kipande: utamu mdogo ndio unaotangulia, inafuata harufu ya maharage mabichi, na mwisho mdomoni zinabaki nyuzi zisizomezeka. Mzizi wa namna hiyo, mnene, mrefu na ulionyooka bila kugawanyika, ndio mali. Karibu kila kosa linalouharibu hufanyika katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha hulioni mpaka siku ya kuchimba, miaka minne baadaye. Ndiyo maana nimeandika kwa kirefu juu ya udongo na mbegu, na kwa kifupi juu ya mengine.

Huangqi, tamka hwang-chi, ni mmea wa jamii ya kunde unaoishi miaka mingi. Kwao ni kaskazini mwa China, Mongolia na Siberia. Mashamba yanayojulikana zaidi yako mkoa wa Gansu, hasa Longxi, pia Mongolia ya Ndani, na Hunyuan katika mkoa wa Shanxi, kwenye miteremko ya mlima Hengshan. Shina hufika sentimita 60 hadi 120, majani ni madogo madogo yaliyopangwa wawili wawili kama ya mkwaju, maua ni ya manjano hafifu, na maganda yamevimba kama vibofu vyenye hewa. Wachina wameutumia kama dawa kwa takriban miaka 2,000, na mwaka 2023 serikali yao iliuingiza rasmi katika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuwa dawa na chakula pia.

Mimi naupanda Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye kipande cha bustani ya jumuiya. Kwa hiyo ninayoyaeleza yanawafaa ndugu walioko Marekani, Kanada au Ulaya, kule ambako ardhi huganda na mimea hulala majira ya baridi. Huangqi umezoea usingizi huo. Kwa walioko nyumbani, naomba jambo moja: msitumiwe mbegu ndani ya sanduku la nguo la ndugu anayekuja likizo. Mbegu kuingia Kenya zinahitaji kibali cha KEPHIS, na Tanzania cha TPHPA, yaani mamlaka za serikali za afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Vibali hivyo vipo kwa ajili ya kulinda mashamba ya wazazi wetu.

Kwanza, hakikisha mmea ni wenyewe

Huangqi uko katika kundi la Astragalus, ambalo ndilo kubwa kuliko makundi yote ya mimea itoayo maua, lenye spishi zipatazo 3,000. Ndugu zake wengi hawaliwi. Magharibi mwa Marekani ziko spishi za kundi hilohilo ambazo wafugaji huziita magugu ya wazimu, kwa sababu zina sumu inayoitwa swainsonini. Ng'ombe na farasi wakizila kwa wiki kadhaa huanza kuyumba, hukonda na kupoteza akili. Nyingine hufyonza seleniamu kutoka ardhini na kuirundika kwenye majani hadi kiwango cha kuua. Hata kwetu, nyanda za juu za Afrika Mashariki zina Astragalus wake, Astragalus atropilosulus, na huo si huangqi. Basi usichimbe mmea wa porini kwa sababu tu umefanana na picha.

Nunua mbegu zenye jina kamili la kisayansi kwenye pakiti. Utakuta Astragalus membranaceus, Astragalus mongholicus au Astragalus propinquus. Majina hayo hutumika kwa mmea huuhuu wa dawa, maana wataalamu wamekuwa wakibadilisha namna ya kuuita. Pakiti iliyoandikwa "Astragalus" peke yake iache dukani. Mwaka wangu wa kwanza muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia pakiti ya namna hiyo. Kilichoota kilitambaa chini, kikatoa maua ya zambarau, na nikang'oa kitalu kizima. Huangqi husimama wima na ua lake ni la manjano.

Omba mbegu za msimu uliopita. Zikikaa sana hupungua nguvu ya kuota.

Udongo: kina kwanza, rutuba baadaye

Mzizi mkuu wa huangqi unashuka wima kama msumari. Ukikuta udongo laini, unakwenda chini nusu mita na zaidi. Ukikuta jiwe, tabaka gumu au maji yaliyotuama, unagawanyika vidole vitatu vinne vyembamba, na hapo umepoteza mzizi. Kule China wanapenda udongo wa kichanga na ule vumbi laini la nyanda za juu za kaskazini, ambao maji hupita upesi.

Chagua mahali penye jua lisilopungua saa sita kwa siku na ambapo theluji ikiyeyuka haiachi dimbwi. Chimba wakati wa vuli, kabla ardhi haijaganda, kina cha sentimita 50 au 60. Najua ni kazi. Mimi hufungua mfereji, natoa udongo wa juu na kuuweka upande mmoja, nakwatua wa chini kwa jembe uma, naokota mawe yote hata yale madogo kama yai, kisha narudisha. Udongo wako ukiwa wa mfinyanzi, changanya mchanga mkavu wa kujengea, mwingi, na uinue tuta sentimita 25 juu ya njia. Mahali pengine tuta la kuinuliwa ndilo suluhisho pekee, nalo lisiwe na sakafu ya mbao wala ya plastiki chini.

Jambo la pili ni uchachu. Huangqi unapenda pH ya 7 hadi 8. Udongo wa upande huu wa Marekani kwa kawaida una uchachu, mara nyingi chini ya 6, kwa hiyo usikisie. Peleka sampuli ipimwe. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst kina maabara inayopokea udongo wa wakulima na watu wa bustani, na majibu huja na kiasi cha chokaa unachohitaji. Mwaga chokaa ya kilimo vuli hiyohiyo ili ipate miezi ya kufanya kazi. Majivu ya kuni nayo husaidia, ila kwa kiasi.

Mboji weka kidogo, iliyooza kabisa, ndoo moja kwa mita mraba inatosha. Samadi mbichi usiiguse. Mbolea ya nitrojeni nayo haina kazi hapa, maana huu ni mmea wa kunde. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta nitrojeni hewani. Ukimwaga urea, majani yatakuwa mengi na ya kupendeza, na chini utakuta mzizi mwembamba kama penseli.

Kuamsha mbegu

Mbegu ya huangqi ni ndogo, kahawia iliyokolea, umbo la figo, na ganda lake halipitishi maji. Ukizitupa ardhini hivihivi, chache zitaota mwezi huu, nyingine mwakani, nyingine hazitaota. Ganda lazima likwaruzwe.

Chukua karatasi mbili za msasa mlaini. Bandika moja kwenye ubao, mwaga mbegu kijiko kimoja, kisha sugua kwa ile ya pili kwa mkono mwepesi, mizunguko ishirini hivi. Unachotaka ni ganda lipoteze ule mng'ao wake na kuwa na mikwaruzo. Ukiona weupe wa ndani umetokeza, umezidisha.

Zitie kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, ziache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji na uzitandaze kwenye kitambaa cheupe. Utaona makundi mawili waziwazi. Zilizokunywa maji zimekuwa kubwa karibu mara mbili, rangi imefifia, ukizibonyeza kwa kucha ni laini. Zile nyingine zimebaki vilevile, ndogo, ngumu, zinateleza. Hizo usizitupe. Zikaushe, zirudie kwenye msasa, uziloweke usiku wa pili. Kwa kawaida kundi kubwa la waliogoma huamka mara hiyo. Mimi hurudia hadi mara ya tatu, kwa sababu mbegu ni ghali na kila moja ni mzizi wa miaka minne.

Wako wanaozifunga kwenye mchanga wenye unyevu na kuziweka kwenye friji wiki tatu kabla ya msasa. Si vibaya, hasa kama mbegu ni za muda mrefu. Ila nikilazimika kuchagua kimoja, nachagua msasa.

Kupanda

Panda mbegu moja kwa moja kwenye tuta, mara ardhi inapoanza kupata joto. Hapa Massachusetts ni mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei. Mbegu huota vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, na miche haiogopi baridi kidogo ya usiku.

Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 30. Fukia mbegu kina cha sentimita moja, si zaidi, kwa sababu mche ni dhaifu na hauna nguvu ya kusukuma udongo mzito. Weka mbegu kila baada ya sentimita tano, kandamiza kwa kiganja, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo. Tuta libaki na unyevu kila siku mpaka uone miche, jambo linalochukua siku saba hadi kumi na nne.

Kitalu cha kwenye vikopo ndani ya nyumba kinavutia, hasa dirisha likiwa na jua na nje bado ni theluji. Sikushauri. Mzizi mkuu hufika chini ya kopo kabla mche haujawa na majani manne, na ukishajikunja haunyooki tena. Nilipandikiza miche kumi na minane namna hiyo. Juu ilikuwa na afya kuliko jirani zake wa tutani. Nilipochimba baada ya miaka minne, karibu yote ilikuwa imejisokota kama kamba ya katani, na sikupata hata kipande kimoja cha kukata mshazari. Ukilazimika, tumia vikopo virefu vya karatasi vinavyooza ardhini, na upande navyo mche ukiwa na majani mawili ya kweli.

Hatari ya wiki hizi za mwanzo ni kinyausi. Mche unaoza shingoni, unaanguka, na asubuhi unakuta safu nzima imelala. Dawa ni kumwagilia asubuhi na si jioni, kuacha hewa ipite, na kutokufukia mbegu kwenye mboji mbichi.

Miche ikifika sentimita 10, punguzia ibaki mmoja kila sentimita 25 hadi 30. Ikate kwa mkasi usawa wa ardhi, usiing'oe, maana ukivuta mmoja unatikisa mzizi wa jirani yake.

Mwaka wa kwanza hadi wa tatu

Mwaka wa kwanza utakuvunja moyo. Mmea unafika magotini au chini yake, mara nyingi bila ua, na jirani atakuuliza unafuga magugu ya nini. Kazi yako ni palizi. Magugu yakiuzidi urefu, mche unadumaa. Palilia kwa mkono karibu na shina, kwa jembe dogo katikati ya mistari.

Baada ya jalidi za Oktoba shina hukauka lote. Haujafa. Kata mabua, ondoa majani yaliyoanguka ili ubwiri, ugonjwa wa kuvu wa majani, usilale humo, weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita tano, na choma kijiti kwenye kila mmea. Kijiti hicho ni muhimu, kwa sababu huangqi huchelewa kutoka, na watu wengi wamechimba machipukizi yao wenyewe mwezi wa Aprili wakidhani tuta ni tupu.

Mwaka wa pili utaona mmea tofauti kabisa. Mashina yanakuwa kadhaa, maua yanatoka Juni hadi Agosti, nyuki wanashinda hapo. Maji sasa yapunguze: mwagilia tu ukame ukizidi wiki mbili. Mmea mkubwa huvumilia kiu kwa sababu mzizi unafuata maji chini, na kwa kweli kiu kidogo ndiyo inayoupeleka chini. Tope ndilo linaloua.

Magonjwa ni machache lakini yanajirudia. Ubwiri unga hutokea mwisho wa kiangazi, majani yanakuwa kama yamepakwa unga wa ngano. Kata yaliyoathirika na upe nafasi hewa ipite. Kuoza mizizi kwa kuvu wa fuzari ndiko kubaya zaidi: mmea unakuwa wa manjano upande mmoja, unanyauka mchana hata kama udongo una unyevu, na ukiuvuta unakatikia mkononi. Ung'oe na uutupe mbali, usiutie kwenye mboji. Vidukari wanaondoka kwa maji ya kasi. Sungura na paa hawaondoki ila kwa uzio, na kwa sungura wavu uingie ardhini sentimita 15.

Kuchimba

Wakulima wa Gansu wengi huvuna baada ya miaka miwili au mitatu. Kule Hunyuan mizizi inayoachwa mlimani kama ya porini huchimbwa baada ya miaka mitano, sita, hata zaidi, na huuzwa ghali. Kwa bustani ya nyumbani naona mwaka wa nne ndio wakati wake. Ukisubiri sana kwenye udongo wenye unyevu, kichwa cha mzizi huanza kuwa na tundu na kuoza rangi nyeusi ndani.

Chimba vuli, majani yakishanyauka, siku ambayo udongo haujalowa. Usivute. Fungua mfereji kando ya mstari, kina cha jembe mara mbili, kisha bomoa udongo ukielekea kwenye mzizi ili ubaki unaning'inia upande wa mfereji. Hapo unaushika kwa mikono miwili na kuutoa mzima. Mzizi mmoja unaweza kukuchukua robo saa, na hiyo robo saa si hasara.

Kung'uta udongo, sugua kwa brashi, osha haraka bila kuloweka. Kata kichwa na vimizizi vyembamba. Utandaze mahali penye kivuli na hewa mpaka uwe nusu mkavu, unapinda bila kuvunjika. Sasa unyooshe kwa mkono, funga mafungu, acha siku mbili, kisha kata vipande vya mshazari vya milimita tatu hivi. Ukisubiri ukauke kabisa kisu hakitapita. Malizia kukausha vipande kwenye kikaushio cha nyuzi 40, au juani siku kadhaa ukiviingiza ndani usiku. Vikikatika kwa mlio, viko tayari kwa chupa yenye mfuniko.

Jikoni, na nani asitumie

Familia za Kichina hutia vipande vichache ndani ya mchuzi wa kuku, pamoja na kunazi nyekundu zilizokaushwa na tangawizi. Gramu 10 hadi 15 kwa sufuria ya watu wanne, chemsha kwa moto mdogo karibu saa nzima, na vipande uvitoe kabla ya kupakua. Namna nyingine ni kukaanga na asali: sehemu moja ya asali iliyolegezwa kwa maji kidogo, sehemu nne za vipande, koroga kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo hadi visinate mkononi. Harufu yake inajaza nyumba.

Sitakuambia mzizi huu unaponya ugonjwa fulani. Wachina huutumia kwa uchovu na kwa mtu anayeshikwa na mafua kila mara, na watafiti bado wanauchunguza, hasa kwa namna unavyochochea kinga ya mwili. Kwa sababu hiyohiyo, aliyepandikizwa figo au ini na anakunywa dawa za kutuliza kinga asiuguse. Mwenye lupasi, baridi yabisi ya kinga ya mwili au maradhi mengine ambamo kinga inaushambulia mwili wenyewe, anayetumia lithiamu (dawa ya maradhi ya akili), dawa za kisukari, za presha au za kuzuia damu kuganda, na mama mjamzito au anayenyonyesha, wazungumze na daktari kwanza. Na ukiwa na homa kali, hata mabingwa wa tiba ya Kichina hukwambia uache mpaka ipite.

Mbegu zako mwenyewe

Acha mimea miwili iliyonyooka na yenye afya izae mwaka wa tatu. Maganda yakigeuka kahawia na ukiyatikisa yanalia, yachume upesi, kwa sababu hupasuka. Yapige ndani ya mfuko wa kitambaa, pepeta, kisha kagua mbegu moja moja: yenye tundu dogo imeliwa na mdudu. Zilizobaki zifunge kwenye karatasi, andika mwaka, weka mahali pakavu penye ubaridi.

Mbegu hizo zipande tuta jingine. Pale ulipochimba pana mabaki ya mizizi na kuvu wake, na huangqi ukirudi hapo unaoza mapema. Wakulima wa China hufuatisha ngano au mahindi. Mimi hapo nimeweka mahindi, na kabla ya miaka minne sitarudisha huangqi.